Ni Nyimbo za Zamani Tu? Fani na majonzi baina ya Karatu na Ngorongoro

Nilifika Mang'ola kwa sababu ya vitunguu. Ndugu yangu mmoja, mfanyabiashara wa Darajani, alikuwa akivinunua huko kwa magunia, nami nikamfuata kwa hamu ya kuiona bara ambayo nilikuwa nimeisoma zaidi kuliko kuitembea. Mang'ola iko chini ya nyanda za juu za wilaya ya Karatu, kando ya Ziwa Eyasi, na wengi waliokula kachumbari Arusha au Dar es Salaam wameshaonja mazao ya ardhi ile bila ya kuijua. Biashara ilipokwisha, dereva wetu alitushauri tupite katika boma moja la Wadatoga, ambako watalii hupelekwa kutazama wahunzi wakiyeyusha makufuli mabovu na vipande vya shaba na kuvigeuza bangili. Tulikwenda. Bangili zikauzwa, picha zikapigwa, kisha wanawake waliovaa ngozi wakasimama wakaimba. Nilimuuliza kijana aliyekuwa akitutembeza wanaimba nini. "Ni nyimbo za zamani tu, mzee," akanijibu. "Za vita na Wamasai."

Jibu lile halikuwa la uwongo, na huenda ndiyo sababu limenikaa kwa muda mrefu. Mna mambo mawili ndani yake: umri wa wimbo, na habari iliyomo ndani ya wimbo. Sisi wahakiki, pamoja na usomi tunaojivunia, tukiulizwa swali hilohilo aghlabu hatuvuki hapo. Tunataja karne, tunataja tukio, tunauweka wimbo katika fungu la nyimbo za historia, tunafunga daftari. Makala haya yana dai moja. Kwa watu waliong'olewa na vita, wimbo hauwi chombo tu cha kubebea habari za maumivu. Ni kazi inayofanywa juu ya maumivu yenyewe, na kazi hiyo hufanywa kwanza na fani, yaani kwa mpangilio, kwa urefu, kwa marudio na kwa kiitikio, kabla ya kufanywa na maudhui.

Naanza na vita vyenyewe. Kabla ya kuwa hifadhi inayojulikana duniani kote, kreta ya Ngorongoro na nyanda zinazoizunguka zilikuwa malisho ya Wadatoga. Katika karne ya 19, na wanahistoria wengi hukisia kuwa ni kuelekea katikati yake, Wamasai waliokuwa wakiteremka kutoka kaskazini waliwapiga na kuwatoa. Waliotolewa wakatawanyika: wengine wakashuka Eyasi, wengine wakaelekea Mbulu, Hanang na Singida. Wamasai waliwaita Mang'ati, yaani maadui, na neno hilo likaingia katika Kiswahili chetu likawa kana kwamba ndilo jina la kabila. Hadi leo wapo wasomi wanaolitumia, wala haiwapitikii kwamba wanawaita watu kwa neno la yule aliyewashinda. Ndani ya kreta yamebaki makaburi ya Wadatoga, na lipo kaburi la mkuu wao wa kale ambalo wazee wao wamekuwa wakisafiri kulizuru na kuomba hapo hadi zama zetu hizi. Zaidi ya miaka 150 imepita. Hakuna aliye hai aliyeviona vita vile, wala aliyemwona aliyeviona. Na bado wanaimba.

Kwa nini? Jibu la haraka ni kwamba wanahifadhi historia. Sikatai. Lakini historia ingeweza kuhifadhiwa kwa hadithi fupi ya mzee mmoja akimweleza mjukuu wake jioni moja. Kuimba ni gharama: watu wasimame, sauti zipangwe, muda utengwe, tena na tena, kwa vizazi vitano au sita. Jambo linalogharimiwa hivyo lina kazi nyingine.

Siku hizi tunao msamiati wa kueleza hali ya mtu aliyekimbia vita. Wanaowahudumia wakimbizi katika kambi za Kigoma, kama ile ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, wametuzoesha kusema msongo wa mawazo, kiwewe, sonona, ushauri nasaha. Sina ugomvi na maneno haya. Aliyekesha macho wazi miezi sita anahitaji daktari kabla ya kumhitaji mhakiki wa mashairi, na atakayemnyima daktari kwa kisingizio cha mila anamdhulumu. Hata hivyo kila neno lina upande unaolielekea. Msongo ni wa kitu kinachobanwa. Tukisema msongo wa mawazo tunakiona kichwa cha mtu mmoja, na dawa tunaitafuta ndani ya kichwa hichohicho, mbele ya mshauri mmoja, mlango umerudishwa. Wazee wetu walipendelea kusema dhiki, na dhiki kwa asili yake ya Kiarabu ni ufinyu, wembamba wa mahali. Mahali finyu wanaweza kuwamo watu wengi pamoja, na wakatafuta njia ya kutokea pamoja.

Njia mojawapo ya Wadatoga inajulikana vyema kwa maandishi. George Klima, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wabarabaig, ambao ni tawi kubwa la Wadatoga, na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1970, ameieleza bung'eda, maziko ya mzee mwenye heshima. Kaburi halifukiwi likaachwa. Hujengwa kwenda juu kwa udongo, tabaka juu ya tabaka, kwa muda wa miezi ipatayo 9. Katika muda huo wote pana watu wanaokuja na kuondoka, pana pombe ya asali, pana nyimbo, pana kazi za mikono ambazo kila ukoo unajua fungu lake. Siku ya kuhitimisha, mtoto wa marehemu hupanda juu ya kilima kile mbele ya umati.

Msomaji wa visiwani hatapata shida kuelewa. Sisi tuna eda ya miezi 4 na siku 10, tuna hitima, tuna arobaini. Tunajua kwamba huzuni ikipewa siku zake hubebeka, na ikiachwa bila ya siku hummeza mtu. Miezi 9 ni muda wa mimba, na sidhani kwamba Wadatoga wameuchagua kwa kubahatisha. Mimi niliposoma maelezo ya Klima, nikiwa mtu wa mashairi, nilichokiona ni mizani. Jambo lisilo na kipimo, kufiwa, limewekwa katika vipande vyenye idadi, kila kipande na watu wake, na mwisho wake unajulikana tangu mwanzo. Hivyo ndivyo tunavyoufanya ubeti. Mshairi anayetunga juu ya msiba katika mizani 8 na vina viwili hajaupunguza msiba, ila ameupa kuta.

Hapa ndipo ninapoona kasoro ya mjadala wetu wa siku nyingi juu ya fani na maudhui. Tangu miaka ya 1970 tumefunzwa, skuli na vyuoni, kuwa maudhui ni chakula na fani ni sahani. Wanafunzi wetu huandika kurasa kumi juu ya dhamira na nusu ukurasa juu ya "mbinu za kisanaa", kama mtu anayehesabu vyombo baada ya karamu. Kwa riwaya ya siasa huenda mgawanyo huo haudhuru sana. Ukiupeleka Mang'ola unaharibu kila kitu. Ukiwauliza wale wanawake habari iliyomo katika wimbo watakupa sentensi mbili: tulikuwa kule, tukapigwa, tukaja huku. Sentensi mbili hazihitaji kuimbwa. Kinachohitaji kuimbwa ni ule urejeaji, ule wakati ambapo sauti moja inatangulia nayo haina hakika, na sauti nyingine ishirini zinakuja nyuma yake kuishika.

Nilimtazama tena yule kijana wetu. Alikuwa na simu mkononi, akihangaika kumtafuta mgeni mwingine aliyechelewa, na huku macho yake yakiwa kwenye simu midomo yake ilikuwa ikiitikia. Hakukosea hata mahali pamoja. Ndiye yule aliyeniambia ni nyimbo za zamani tu.

Kiitikio kinastahili kusemwa zaidi, na hapa itanibidi nipande kutoka Eyasi hadi Karatu mjini na mashamba yake, kwa sababu walio wengi wilayani si Wadatoga bali Wairaqw. Nao pia wana kumbukumbu ya vita, ingawa ya namna nyingine: si ya kufukuzwa kutoka malisho makubwa, bali ya kuishi kwa kujificha. Kwa muda mrefu walibanana katika milima ya Mbulu, na nyumba zao za kale zilichimbwa ndani ya ubavu wa kilima, paa likalingana na ardhi, ili mvamizi apite asizione. Hiyo ni nyumba iliyojengwa na khofu, lakini khofu iliyotumia akili. Nguvu za Wamasai zilipodhoofika, na utawala wa kikoloni ukazuia uvamizi, Wairaqw walitoka milimani katika karne ya 20 wakaenea hadi Karatu, wakalima kilima chote hadi kwenye mpaka wa msitu wa Ngorongoro.

Wairaqw wana utanzu unaoitwa slufay. Wataalamu wa lugha yao wameuandika na kuuchambua, na aliyetaka kuujua ushairi wa bara hana budi kuusikia. Ni dua na ni ushairi kwa pamoja. Mzee mmoja hutamka vipande vifupi vyenye tamathali nzito, na wote waliohudhuria huitikia kila kipande, haraka, kwa sauti moja, bila ya kuacha pengo. Ukiusoma umeandikwa utadhani mwenye slufay ni yule mzee. Ukiusikia utatambua kwamba mzee hawezi kusonga mbele mpaka aitikiwe. Kuitikia ndiko kunakoifanya dua kuwa dua: ovu linasukumwa nje na baraka inaitwa ndani kwa mkupuo wa watu wote, na aliyekuja na wasiwasi wake anausikia ukipotelea katika sauti ambayo si yake peke yake na wala si ya wengine peke yao.

Sasa tulinganishe na namna nyingine ya kuandika juu ya waliong'olewa, palepale Ngorongoro. Mnamo Machi 1892 Oscar Baumann, msafiri wa Austria, aliingia katika kreta, naye ndiye Mzungu wa kwanza anayejulikana kuandika habari zake. Wazanzibari wanalo la kumjua mtu huyu, kwani baadaye alikuwa konsuli wa Austria hapa Unguja, na akavichorea ramani na kuviandikia vitabu visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba. Wakati alipoingia kreta, sotoka ilikuwa imekwisha fagia ng'ombe wa Wamasai, ndui ilikuwa imefuata, na koo zao zilikuwa zikielekea kupigana zenyewe kwa zenyewe, wafuasi wa Olonana na wa Senteu, wana wawili wa laibon Mbatiany. Waliowafukuza wenziwao nao sasa walikuwa hawana pa kwenda. Baumann anaeleza alivyoona kambini kwake wanawake waliobaki mifupa, wapiganaji waliotambaa, na wazazi waliokuwa tayari kutoa watoto wao kwa kipande cha nyama.

Maelezo yale ni ya kweli na yanatisha. Wanahistoria huyatumia kila mara, na wana haki. Lakini yasome kama maandishi, si kama ushahidi, utaona yanavyofanya kazi. Hakuna Mmasai hata mmoja anayesema. Wanaonekana tu. Baumann amesimama, anatazama, anaandika, na sisi tunatazama kupitia jicho lake, miaka zaidi ya 130 baadaye. Wapagazi wake, wengi wao watu wa pwani waliosema Kiswahili, nao wamo katika safari ileile, nao wameyaona yaleyale, na katika kitabu chake hatupati neno lao. Maumivu yameandikwa vizuri na hayajafanyiwa chochote. Wamasai wenyewe waliupa msiba ule jina, Emutai, yaani kwisha, maangamizi. Kutaja jina peke yake kumeshafanya jambo ambalo kurasa za Baumann hazikulifanya: kumeufanya msiba kuwa wa watu wenye lugha.

Mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Karatu, mjini Arusha, kulikuwa na jukwaa lingine la waliofikwa na vita. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliundwa mwishoni mwa mwaka 1994 na kufungwa mwaka 2015. Haki ilihitaji mahakama ile, na sentensi zake ni urithi wa dunia. Nataja fani yake tu. Shahidi aliitwa kwa herufi badala ya jina, kwa usalama wake. Akaulizwa, akajibu alichoulizwa, akasimamishwa, akahojiwa na upande wa pili. Hadithi ya mtu aliyepoteza nyumba nzima ilikatwakatwa kwa mujibu wa mahitaji ya shitaka. Huko hakuna kiitikio. Kuna pingamizi. Wala haikuwa kazi ya mahakama kutoa kiitikio, lakini tusije tukadhani kwamba mtu akishasema mbele ya mahakama basi amekwisha kusema.

Riwaya je? Hapa nataka nirudi kidogo pwani, kwa sababu mwandishi wetu wa Unguja, Abdulrazak Gurnah, ambaye naye aliondoka kijana baada ya Mapinduzi na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ameliandikia suala hili kitabu kizima. Katika Afterlives, iliyotoka mwaka 2020, Hamza anarudi kutoka vita vya Wajarumani akiwa na mguu mbovu na usingizi wa tabu. Hasemi. Wahakiki wengi wamekisifu kimya chake kama alama ya jeraha, na Gurnah anakijua kimya kama baharia anavyoijua kusi. Lakini ninavyoisoma mimi, kinachomponya Hamza kwa kiasi anachopona si kimya wala si kusema, bali ni useremala, mke anayemsubiri, na mzee wa karakana anayemfundisha. Ni mambo yenye mpangilio wa siku.

Mgonjwa hasa wa kitabu ni mtoto, Ilyas, aliyezaliwa baada ya vita na ambaye hakupigana popote. Ndiye anayesikia sauti. Wazee wake wanamwita shekhiya, ngoma inapigwa, na kinachotoka katika ngoma ile si hirizi bali ni dai: mjomba aliyepotea vitani, ambaye mtoto amepewa jina lake, atafutwe, ijulikane alikofia. Msomaji wa harakaharaka huona ushirikina. Mimi nauona uhakiki mzuri kuliko wetu. Shekhiya ametambua kwamba maumivu yanarithiwa pale ambapo hayakupewa umbo, na familia iliyonyamaza imemwachia mtoto mmoja aitikie wimbo ambao hakuna aliyeutanguliza. Ningependa kujua Gurnah angekiandika vipi kitabu kile kama angewahi kusikia slufay. Pengine kingekuwa kirefu zaidi, pengine kisingehitaji kumpeleka kijana hadi Ujerumani ndipo apate jibu.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni pingamizi zito. Je, fani inayorudiwarudiwa haiwezi kuwa gereza? Liisa Malkki alifanya utafiti katikati ya miaka ya 1980 miongoni mwa Wahutu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Baadhi yao walikuwa makaazi ya Mishamo, magharibi ya Tanzania. Wengine waliishi Kigoma mjini. Wa Mishamo walikuwa wamejenga simulizi moja kubwa ya yaliyowapata, iliyojulikana na wote, ikisimuliwa kwa utaratibu uleule, na iliwapa heshima na maana. Pia ilimgandisha adui wao katika sura moja isiyobadilika. Wa mjini hawakuwa na simulizi hiyo. Walichanganyika, walioa na kuolewa, mara nyingi walificha walikotoka. Mwaka 2014 Tanzania ilianza kutoa vyeti vya uraia kwa wakimbizi hao wa 1972 na watoto wao wapatao 162,000, na bila ya shaka wamo humo wa aina zote mbili.

Sioni kwamba utafiti wa Malkki unalivunja dai langu, ila unanilazimisha kulinyoosha. Masimulizi ya Mishamo yalikuwa zaidi ya maudhui kuliko fani: yalimwambia kila mtu nini cha kuamini juu ya nani. Wimbo wenye kiitikio una tabia nyingine. Hausisitizi hoja. Anayeitikia anaweza kuwa hakubaliani na kitu, anaweza kuwa anaangalia simu yake. Anachotakiwa ni kuwapo kwa wakati wake. Hata hivyo sitajidanganya. Nyimbo za ushujaa, za Wadatoga na za Wamasai, zimewahi kuwatuma vijana kuiba ng'ombe na kuua, na mhakiki anayezisifia zote kwa pamoja kama tiba anafaa aulizwe ni nani aliyelipa gharama ya tiba hiyo. Nyimbo za kuomboleza na nyimbo za kujigamba huchota kisima kimoja, na huenda mwimbaji akawa mmoja. Kuzipambanua ni kazi ngumu, na ndiyo kazi ya uhakiki hasa.

Jambo moja simulizi zote hizi zinalihitaji nalo ni mahali. Wimbo husafiri, kaburi halisafiri. Wale Wadatoga walioelekea kusini baada ya vita vya Ngorongoro walifika nyanda za Hanang wakazika wazee wao huko kwa bung'eda, wakapata makaburi mapya ya kuzuru. Miaka ya 1970 shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, likaanzisha mashamba makubwa ya ngano kuzunguka Basotu, yakafika hekta zipatazo 40,000. Charles Lane, katika kitabu chake Pastures Lost cha mwaka 1996, ameeleza namna makaburi yalivyolimwa kwa trekta pamoja na malisho. Wabarabaig walikwenda mahakamani, wakaandika, wakalalamika hadi nje ya nchi. Katika malalamiko yao makaburi yalitajwa sambamba na malisho, na nadhani mawakili hawakujua la kuyafanyia, kwa vile sheria ina fidia ya mazao na ya nyumba, haina fidia ya ubeti.

Na Ngorongoro nako? Mwaka 1959 ilitenganishwa na Serengeti ikawa hifadhi ya peke yake, na Wamasai waliotolewa Serengeti wakaahidiwa makaazi humo. Katikati ya miaka ya 1970 wale waliokuwa wakiishi chini ndani ya kreta walihamishwa. Tangu mwaka 2022 familia nyingi za hifadhi zimepelekwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali imesema ni kwa hiari, na wapo waliolikana hilo kwa sauti kubwa. Si vita, na sitaki kuita kila uhamisho vita. Lakini matokeo yake kwa habari yetu ni ya ajabu. Kreta waliyoigombea babu zao, leo halali humo Mdatoga wala Mmasai. Wote wawili hupita lango lilelile, na mzee wa Kidatoga anayetaka kulizuru kaburi la mkuu wake huingia katika eneo linalosimamiwa na mamlaka, sambamba na magari ya watalii.

Lipo ombi moja la kiutendaji kwa vijana wetu wa vyuo wanaokwenda bara na vyombo vya kurekodia, kwa kuwa nimesikiliza baadhi ya walivyovileta. Kinasa sauti huelekezwa kinywani mwa kiongozi wa wimbo. Sauti yake inasikika safi, nasi tunaisifu. Waitikiaji wanasikika kama mvumo wa mbali, na katika maandishi wanafupishwa kuwa neno "wote" ndani ya mabano. Nilikwisha kusikia wimbo mmoja wa namna hiyo ambapo mtayarishaji alikata viitikio kabisa ili kuokoa muda. Alichobakiza kilikuwa ni mwanamke mmoja akitamka kipande, akinyamaza, akitamka kipande, akinyamaza. Tuliusikiliza wimbo ule watu wanne katika chumba kimoja hapa mjini, na katika kila kimya tulitazamana.